Nilimwapia Meneja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na kazi yangu mpya pia. Miaka ishirini na sita nilikuwa matroni wa bweni la wasichana, nikiamsha watu mia moja na arobaini kwa mdomo tu bila kengele. Sasa nimestaafu, nimeajiriwa kunyamaza. Ndiyo kazi yenyewe hiyo: watoto wanapiga namba ya bure, sisi tunasikiliza.

Chumba kina meza tatu zilizotenganishwa kwa mbao nyembamba. Ukutani wamebandika vipande vya magodoro ili sauti zisivuke. Meza ya dirishani ni ya Mtangazaji, mzee mwenzangu aliyesoma habari redioni mpaka akastaafu. Bado anasema "habari za mchana" utadhani nchi nzima inamsubiri. Meza ya mlangoni ni ya msimamizi wetu, binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Hacheki ovyo, na kalamu zake amezipanga kwa urefu.

Alinipa taratibu. Usimuulize mtoto jina lake la kweli, mwache achague. Usimkatize. Usitoe ahadi. Namba ya mpigaji kwenye kompyuta inatokea nyota tupu, na nyota hizo hazifunguliwi ila maisha ya mtu yakiwa hatarini, tena mpaka mshauri aliyepokea simu na msimamizi wakubaliane. Nilitikisa kichwa kama mtu anayejua yote. Lile la ahadi alilisema nikiwa nimeinama natafuta miwani mkobani.

Humu sitaandika jina la mtu wala la mtaa. Atakayeliokota daftari hili atapata habari za mvua.

Jumanne, 4 Machi

Simu kumi na moja. Saba walicheka wakakata. Mtangazaji anasema hao wanatupima tu, watarudi.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu hajaipenda kazi hii. Miaka yote nilimletea habari za bweni nyumbani, nani kagombana na nani, nani kapika uji ndani ya birika la chai. Leo mezani akauliza, "Haya, wamesemaje hao watoto?"

"Wamesema."

"Wamesema nini?"

"Mengi."

Alichukua kikombe chake akaenda kunywea barazani, na mvua yote ile.

Jumanne, 11 Machi

Saa tisa na nusu, shule zimetoka. Sauti ya msichana, na nyuma yake cherehani inakwenda.

"Nikuite nani?" nikamuuliza. "Chagua jina lolote unalopenda."

Akafikiri. "Meneja."

"Meneja wa nini?"

"Wa nyumbani."

Nikacheka, naye akacheka kidogo. Ana miaka kumi na miwili. Akasema ana jambo, lakini kwanza niape kwamba sitamwambia mtu. Nikamjibu kwamba hapa mambo yote ni siri.

"Siri siyo kiapo," akasema. "Uape kabisa."

Wasichana wa aina hii nawajua. Usipowapa wanachotaka wanafunga mdomo, na utawazunguka mwezi mzima hupati neno. Nikaapa. Tena niliapa kiapo kirefu kuliko alichoniomba, nikajiona hodari.

Ndipo akafungua. Yeye na mdogo wake wa miaka mitatu wanaishi na bibi yao, na Bibi anasahau. Anatia chumvi kwenye chai. Anamwita Meneja kwa jina la mama yake. Simu yake kaificha mahali ndani ya nyumba na hakumbuki wapi. Mama yao anafanya kazi mbali, na kila Jumapili huwapigia kupitia simu ya fundi cherehani jirani yao. Meneja hukaa bega kwa bega na Bibi, akimnong'oneza majibu. Mama mtu akikata simu anajua kwamba kwake salama salimini. Hata huyo fundi hajui kitu. Leo amempa Meneja simu akidhani ni habari za shule.

Anapika, anafua, anamwogesha mdogo wake, kisha anawahi kengele ya shule. "Mtu akijua watatugawa," akasema. "Bibi hospitali, mdogo wangu kwa huyu, mimi kwa yule."

Nilimwambia anafanya kazi kubwa kuliko umri wake. Akasema anajua. Nilijaza fomu: msichana, miaka kumi na miwili, mlezi mgonjwa. Habari ya kiapo sikuiandika.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Nguo hazikauki. Mume wangu bado barazani.

Jumatatu, 17 Machi

Kijana mmoja alitumia dakika thelathini na mbili kunieleza namna ya kumwambia baba yake kwamba amerudia darasa. Nilitaka kumkatiza mara nane. Niliuma ulimi mara saba.

Alhamisi, 20 Machi

Mtangazaji alichungulia juu ya ubao. "Kuna mtu hapa hanitaki," akasema. "Anamtaka mama mwenye sauti ya kugomba."

Alikuwa Meneja. Siku hizi Bibi anamfungia mdogo wake ndani kwa ufunguo asichezee mvua, halafu anatoka zake. Juzi Meneja alirudi shule akamkuta mtoto amelala nyuma ya mlango kwa kulia. Nikamshauri ufunguo wa pili amwachie fundi cherehani. Akakubali, ila fundi ataambiwa kwamba Bibi huwa anapoteza funguo, basi.

Nikamuuliza polepole kama angependa tumtafute mtu mzima wa kuwasaidia. Akasema, "Uliapa."

"Niliapa."

"Basi."

Msimamizi alisoma fomu yangu mara mbili. "Mama, huyu kakubali tumhusishe mtu?"

"Bado."

"Endelea kumwomba. Akipiga tena, niite nije nisikilize."

Hakuniangalia usoni, alikuwa anapiga mstari chini ya neno "ufunguo". Nikajisemea, huyu binti watoto kwake ni karatasi. Nikaenda kuchukua mwavuli.

Jumanne, 25 Machi

Mto umepanda. Barabara ya chini imefungwa, tumezunguka. Meneja hajapiga.

Ijumaa, 28 Machi

Hajapiga. Mume wangu ameingia ndani kwa sababu baraza linavuja, lakini anakula akiangalia sahani.

Jumanne, 1 Aprili

Naandika hii jioni. Nisipoandika sitalala.

Meneja alipiga saa tisa na dakika ishirini. Nilisahau kumwita msimamizi. Mtoto alikuwa anahema, na kila mara sauti yake ilikatika katikati ya neno kwa ubovu wa mtandao.

Kwa sababu ya mvua Bibi hapikii tena nje. Jana aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha, akafunga na mlango, mtoto yuko ndani, yeye akatoka kwa mlango wa uani kwenda kuteka maji na njiani akasahau alitoka kufanya nini. Meneja aliporudi alimkuta mdogo wake analegea, ametapika, anasema kichwa, kichwa. Alimbeba akakaa naye mvuani mpaka akachangamka.

"Sasa yukoje?" nikamuuliza.

"Anakula ndizi."

Nikamwambia ampeleke zahanati leo hii. Nikamwambia jiko lisiwake tena ndani hata kidogo, kwamba hewa ya mkaa haina rangi wala harufu na inaua. Aliposikia "inaua" akasema kesho ataficha mkaa wote kabla ya kwenda shule.

"Mwanangu, unakaa wapi?"

"Si mlisema hamuulizi?"

"Leo nauliza."

"Uliapa," akasema. "Uliapa kabisa."

Hapo ndipo iliponipasa nimwambie. Nilikuwa na nafasi nzima, labda nusu dakika. Nikaogopa kwamba nikilisema tu atakata, nami nitabaki na nyota za kwenye kompyuta. Nikasema "ndiyo". Mtandao ukakatika.

Nilivua hedifoni, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya mlangoni, nikasimama pale nikiwa na miaka yangu sitini kama mwanafunzi aliyevunja kioo. Nikasema yote. Niliapa siku ya kwanza. Sikuandika kwenye fomu. Nimeapa tena leo.

Nilitegemea anigombeze, na ningestahili. Alisimama tu, akavuta kiti akaniweka mbele ya kompyuta, akasema, "Tufungue namba. Unakubali?"

"Nakubali."

Nyota zikageuka tarakimu. Alipiga. Simu haipatikani. Alipiga tena, mimi nikapiga, Mtangazaji akapiga kwa simu yake ya mfukoni. Kuna upande mzima wa mji ambao mnara wake wa simu umeanguka kwa upepo, na inaelekea mtoto alibahatisha dakika chache za mtandao. Msimamizi aliandika barua kwa polisi ili kampuni ya simu itaje mwenye namba, akaipeleka mwenyewe kwa miguu, viatu mkononi. Jibu huchukua siku mbili tatu.

Tulipiga mpaka saa kumi na mbili. Nyumbani mume wangu alinitazama mara moja tu. Akaniwekea chakula, akasogeza taa. "Usiniambie," akasema. "Kula."

Nimekula. Namshukuru sana, na kesho nitamwambia hivyo.

Jumatano, 2 Aprili

Haipatikani. Simu thelathini na nne kwa hesabu ya Mtangazaji. Polisi wamepokea barua.

Mvua haikukatika hata saa moja. Kila nikiona moshi wa jiko la mtu roho inapanda juu. Njiani nilimgombeza mwanamke nisiyemjua kwa sababu alikuwa anachoma mahindi karibu na dirisha lake mwenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili

Haipatikani. Mchana msimamizi aliniletea chai, akakaa ukingoni mwa meza yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mimi pia niliapa, Mama," akasema. "Mwaka wangu wa kwanza. Kwa mvulana mmoja."

"Ukafanyaje?"

"Nilikitunza kiapo. Wiki nzima nilijisifu kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. Hakupiga tena."

"Alipatwa na nini?"

"Sijui. Mpaka leo sijui." Akazungusha kalamu. "Mtoto akikuomba kiapo, anakuomba umbebee kitu bila kukuonyesha ni nini. Huwezi kukubali kabla hujaona. Akipiga, usimdanganye tena na usimwombe radhi mpaka mtoto aanze kukubembeleza wewe. Mwambie ulikosea, mwambie unachokwenda kufanya, halafu nyamaza."

Nilikuwa nimemwona binti huyu kama kabati la mafaili. Nimeona aibu, na nimemwambia. Akasema hata mama yake humwambia hivyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Saa tisa na dakika arobaini. Cherehani nyuma yake. Nilimwita msimamizi kwa kupunga mkono, akavaa hedifoni ya pili, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Mdogo wako yuko wapi?" ndilo neno langu la kwanza.

"Nimembeba."

Namshukuru Mungu. Nilisikia mtoto akidai kitu, na Meneja akimwambia ngoja.

Nikapiga moyo konde. "Meneja, nisikilize. Siku ile ya kwanza niliapa. Nilikosea. Sikujua utaniambia nini, nikakuahidi kitu nisichokuwa na uwezo nacho. Mdogo wako angeweza kufa juzi. Bibi yako naye anaweza kuungua. Siwezi kukaa kimya. Leo hii namwambia afisa wa ustawi wa jamii aje nyumbani kwenu. Nakuambia wewe kwanza kabla sijamwambia yeye."

Mimi niliyewakatiza wasichana mia moja na arobaini maneno yao kwa miaka ishirini na sita, leo nilinyamaza. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Saa ya ukutani ilipita dakika tatu, nne. Mkono wa msimamizi ulikuwa begani kwangu, sijui tangu saa ngapi.

"Uliapa," akasema. Sasa analia.

"Niliapa. Ni kosa langu, siyo lako. Hujafanya kosa lolote, mwanangu."

"Utatugawa."

"Nitawaomba wasiwagawe. Hilo nitaliomba kwa nguvu zangu zote. Kuahidi siwezi."

Akakata.

Msimamizi hakupoteza sekunde. Simu sasa ilikuwa inaita, na fundi cherehani akapokea mwenyewe. Alidhani ni mteja wa gauni. Alipoelewa alisema, "Jamani, mimi niko hapa mlango kwa mlango, na mtoto kila siku ananiambia Bibi hajambo." Akataja nyumba, akataja njia ya kupita kwa sababu ya matope, akasema anakwenda kukaa kwao sasa hivi, kitambaa cha watu kitasubiri.

Afisa aliondoka na gari saa kumi na dakika tano. Saa kumi na moja na nusu akapiga. Amewakuta wote watatu. Jiko lilikuwa ndani tena, limewashwa kwa vipande vya mbao za kitanda, maana mkaa Meneja alikuwa ameuficha kweli. Fundi alikuwa amelitoa nje kabla gari halijafika. Mtoto mdogo amepelekwa zahanati, mapafu yake ni salama. Bibi aliwakaribisha vizuri sana, akauliza harusi ni lini.

Mtangazaji alikwenda dirishani akasimama muda mrefu akifuta miwani. Mimi nilikaa sakafuni. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu Jumanne, nikalia kwa raha zangu, na msimamizi akakaa chini karibu yangu na sketi yake iliyopigwa pasi.

Jumanne, 8 Aprili

Simu tisa. Si yeye.

Jumatatu, 14 Aprili

Afisa hutuletea mstari mmoja tu kwenye karatasi, ndiyo taratibu: "Familia iko pamoja, ufuatiliaji unaendelea." Nimeusoma mstari huo labda mara ishirini. Msimamizi amenipa nakala niiweke mezani, akajifanya hajui kwamba siruhusiwi.

Hawakugawanywa. Nimetembea mpaka nyumbani bila kufungua mwavuli.

Jumatano, 23 Aprili

Mshauri mpya ameanza, kijana mpole kupita kiasi. Nilimpa taratibu mimi. Alipoinama kutafuta kitu kwenye begi nikanyamaza mpaka akainuka, ndipo nikasema lile la ahadi. Nikamtaka alirudie kwa sauti.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua inapungua. Kila saa tisa na nusu sikio linajisimamia lenyewe. Mtangazaji anasema wengi wakipata msaada hawapigi tena, na hiyo ndiyo habari njema. Najua. Lakini mtoto yule alikata akilia, na mara ya mwisho aliposikia sauti yangu nilikuwa namwambia kwamba kiapo changu hakina maana. Hilo linaniuma, wala sitajifanya haliniumi.

Mume wangu ameacha kuuliza. Sasa yeye ndiye ananisimulia: nani kapita barabarani, kuku wa nani kaingia kwa nani. Simkatizi. Jana alisimama katikati ya habari akanitazama. "Siku hizi unasikiliza," akasema, na hakuonekana kama ana uhakika anapenda.

Jumatatu, 12 Mei

Jua tangu asubuhi. Tumefungua madirisha yote na vile vipande vya godoro ukutani vinanuka unyevunyevu.

Saa tisa na dakika thelathini na tano.

"Namtaka yule mama wa kugomba."

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Meneja."

Nilishika meza. "Nakusikia, Meneja."

"Nimepiga kukuambia wewe ni mwongo."

"Ni kweli," nikasema. "Nilikudanganya."

Alingoja. Nadhani alijiandaa nijitetee. Nami nikangoja. Nyuma yake hapakuwa na cherehani, palikuwa na mtoto mdogo anaimba wimbo wa chekechea, anarudia mstari mmoja tu.

"Basi, ilikuwa hiyo," akasema. Kisha, "Usikate."

"Sikati."

Akanieleza kama mtu anayetoa ripoti. Mama yao mdogo amehamia kwao, analala chumba cha Bibi. Mama mwenyewe amekuja, amelia sana, amekaa wiki mbili, atarudi moja kwa moja mwezi wa nane. Mdogo wake anakwenda chekechea na amemng'ata mtoto mmoja. Bibi anapelekwa kliniki, na mchana fundi cherehani anahamishia mashine barazani kwao, Bibi anamchambulia vifungo kwa rangi. Anakosea rangi, lakini anafurahi. Simu iliyopotea ilikutwa ndani ya debe la unga.

"Na wewe?"

Kimya kidogo. Sikukijaza.

"Sipiki tena," akasema. "Mama mdogo ndiye anapika. Mimi natoka shule nakaa tu. Jana nilicheza kamba mpaka magharibi." Sauti ikashuka. "Ni vibaya nikifurahi? Bibi anaumwa, halafu mimi nafurahi."

"Si vibaya hata kidogo. Bibi anatunzwa. Wewe umekuwa meneja tangu lini?"

"Tangu darasa la nne."

"Basi umepewa likizo. Ichukue."

Alicheka, kile kicheko kifupi cha siku ya kwanza, halafu kikamzidi kikawa kirefu. Nilimsikiliza mpaka kikaisha.

"Meneja siyo jina langu," akasema.

"Najua. Wala si lazima uniambie."

"Nataka. Lakini huyu mwongo atamwambia mtu?"

Safari hii nilifikiri kwanza. Nililitazama lile ombi, nikaona ni jina tu la msichana, halimdhuru mtu. "Hili naweza kulitunza," nikasema.

Akalitaja. Ni jina zuri, la bibi yake, amerithi.

Msimamizi alipita na fomu za mchana, akaniuliza mpigaji alikuwa nani. Nimeandika: Meneja, miaka kumi na miwili, leo hana shida.